Jeshi la Mwili na Mafundi wa Ubongo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mwadui)



 Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Nilidhani ningesema juu ya kazi za Serikali, maana huko ndiko ninakopatia riziki. Lakini kila nilipoketi kuandika, mawazo yalinirudisha kwenye dawati moja la darasa la kidato cha pili, na kwa kijana aliyekuwa akikaa upande wangu wa kushoto. Kwa hiyo nimeamua kusema juu ya ubongo: jinsi unavyoumia, jinsi unavyojitengeneza, na jinsi jeshi lile lile linaloulinda mwili linavyoweza kuisaidia kazi hiyo ya matengenezo au kuizuia.

Mimi si daktari. Nilisoma baiolojia Chuo Kikuu, kisha nikaingia katika utumishi. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma, na nilianza kuyasoma kwa sababu ya deni. Deni lenyewe nililipata hapa hapa shuleni.

Mwaka 1995 nilikuwa monita wa darasa. Mwenzangu wa dawati alitoka nyanda za juu za kusini, kwenye baridi, ambako mbu ni haba, akaja kuishi na mjomba wake aliyekuwa na kazi huku kwetu. Katika hesabu hakuwa na mpinzani. Mwalimu alipotaka jawabu la haraka alimtazama yeye kwanza. Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, tulipokuwa tunatoka kwenda shamba la shule, alisema kichwa kinamuuma na anasikia baridi. Jua lilikuwa kali. Nilimcheka. Niliona anakwepa jembe, nikaandika jina lake katika daftari la watoro, nikaenda zangu. Sikumwambia mwalimu wa zamu kwamba bwenini kuna mgonjwa. Tuliporudi jioni alikuwa amelala, amejifunika gubigubi, nami nikamwacha. Usiku wa manane tukaamshwa na kishindo. Alikuwa akitupa mikono na miguu, macho yamegeuka, haitiki akiitwa. Alipofikishwa hospitali aliwekewa dripu ya kwinini, akalala siku mbili bila fahamu.

Aliporudi darasani, baada ya wiki sita, mwili wake ulikuwa mzima. Alitembea vizuri, alicheka, alikula ugali wake kama sisi. Lakini alisoma swali la hesabu na kabla ya kufika mwisho amekwisha sahau mwanzo. Mwalimu alipomtazama, yeye alitazama dirishani. Tukampa jina la “Betri”, yaani betri imekwisha. Jina hilo nililitunga mimi. Mwisho wa mwaka hakufaulu mtihani wa kidato cha pili, akaondoka.

Ndugu Mwenyekiti, sikueleza hayo ili kuwahuzunisha wenzangu katika siku ya furaha. Nimeyaeleza kwa kuwa kwa miaka mingi niliamini kwamba mwenzangu alipona. Daktari alisema amepona, damu yake haikuwa tena na vijidudu, naye alitoka hospitali kwa miguu yake. Nilikuwa sijui kwamba vita vinaweza kwisha katika damu na vikaendelea katika ubongo.

Meza ya grisi

Tuanze na malaria yenyewe. Wazee wetu waliofanya kazi ya kutenga almasi wanaijua meza ya grisi. Changarawe iliyolowa hupitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe ya kawaida hushika maji, basi huteleza yakaenda zake. Almasi haishiki maji, basi hunasa kwenye grisi. Jambo linalofanana na hilo hutokea katika mishipa ya damu. Chembe nyekundu ya damu iliyoingiwa na kijidudu cha Plasmodium falciparum huota vinundu vidogo juu ya ngozi yake. Chembe nzima hupita katika mishipa bila taabu, bali hii yenye vinundu hunasa kwenye kuta. Zikinasa nyingi katika mishipa midogo ya ubongo, njia huziba, na ubongo hukosa hewa safi na sukari.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Kijidudu hicho hubaki ndani ya mshipa. Hakivuki kuingia katika nyama ya ubongo. Adui yuko barabarani, hajaingia nyumbani. Hata hivyo nyumba inaharibika. Nani anaiharibu? Sehemu ya jawabu ni kuziba kwa njia. Sehemu nyingine ni sisi wenyewe, yaani askari wetu.

Sungusungu wa mwilini

Sisi wa mkoa huu hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi vilipozidi, wananchi wa Kahama na sehemu nyingine za Usukumani na Unyamwezi walijiundia sungusungu. Filimbi ikilia, kila mwanamume alitoka na upinde wake. Wezi walipungua sana. Lakini wazee watakubaliana nami kwamba pale ambapo sungusungu walikosa kiasi, hata asiye na hatia aliumia. Na kijiji ambacho filimbi inalia usiku na mchana, nani atalima pamba yake? Nani ataezeka nyumba iliyoungua?

Kinga ya mwili ndiyo sungusungu wetu. Askari wake wamo katika damu, na ubongo una kikosi chake chenyewe, chembe ndogo ziitwazo mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza mwaka 1919. Siku za amani mikroglia huzunguka zikikagua na kuzoa taka. Zikipata habari ya hatari hubadilika umbo na kumwaga kemikali za kuita msaada. Moja ya kemikali hizo hufupishwa TNF. Ikiwa ya kadiri, TNF ni yowe la kukusanya askari. Ikizidi, hulegeza kuta za mishipa, maji huvuja, ubongo huvimba. Hali hii ya joto, uvimbe na kemikali za vita nitaiita mwako.

Uvimbe huo umeonekana kwa macho. Huko Blantyre, Malawi, Terrie Taylor na wenzake waliwapiga picha za MRI watoto 168 wenye malaria ya ubongo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki. Kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo tangu walipopokelewa. Fuvu la kichwa ni chungu chenye mfuniko mgumu: kilichomo kikivimba hakina pa kwenda.

Na wale wanaopona? Hapo ndipo niliposimama na kuweka kitabu chini. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Chandy John, Robert Opoka, Michael Boivin na wenzao waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliokwisha ugua malaria ya ubongo. Mwaka 2008 walitangaza kwamba miaka 2 baada ya ugonjwa, takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, hasa katika kuwa makini, kukumbuka na kujifunza. Kwa watoto wa mitaa hiyo hiyo ambao hawakuugua hivyo, waliokuwa na upungufu hawakufika hata 1 kati ya 10. Watafiti hao walipima pia maji ya uti wa mgongo. Watoto ambao maji yao yalikuwa na TNF nyingi zaidi walipolazwa ndio walioelekea kupata alama za chini, miezi 6 baadaye, katika vipimo vya umakini na kumbukumbu.

Nilipoyasoma hayo nilimwona mwenzangu akitazama dirishani. Hakuwa mvivu, wala hakuwa amerogwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi zilikuwa ndani ya kichwa chake.

Mafundi wanaolala

Wanafunzi wa baiolojia wa zamani watakumbuka tulivyofundishwa: chembe za ubongo zikifa hazirudi. Ngozi ikichubuka hupona, mfupa ukivunjika huunga, lakini ubongo ndio kwa heri. Fundisho hilo lilitawala karibu karne nzima. Mtu wa kwanza kulitilia shaka kwa ushahidi alikuwa Joseph Altman wa Marekani, ambaye mwaka 1962 aliandika kwamba ameona dalili za chembe mpya za neva katika ubongo wa panya waliokwisha kukua. Wengi hawakumjali. Ilipita miaka 30 kabla ya Brent Reynolds na Samuel Weiss, huko Calgary, Kanada, kutoa katika ubongo wa panya mkubwa chembe zenye uwezo wa kuzaa chembe za neva. Hiyo ilikuwa 1992. Chembe hizo wataalamu huziita seli shina. Mimi nitaziita chembe mama, kwa kuwa kazi yake ni kuzaa. Chembe mama hugawanyika, mmoja wa watoto hubaki kuwa mama, mwingine huenda kufanywa chembe ya kazi.

Chembe mama hizi ni haba mno. Sisi tuliokulia hapa Mwadui tunajua maana ya uhaba wa namna hiyo: katika tani 100 za mwamba hupatikana karati chache tu. Zimejikusanya hasa katika sehemu mbili. Moja ni kando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo. Nyingine ni katika hipokampasi, mahali padogo palipojikunja, ambapo jina lake katika Kiyunani lina maana ya farasi wa baharini. Hapo ndipo mambo tunayojifunza hupokelewa na kuwekwa katika kumbukumbu. Kijana anayekariri kanuni za fizikia usiku wa leo anaitumia hipokampasi yake.

Je, binadamu naye anazo? Mwaka 1998 Peter Eriksson wa Sweden na Fred Gage wa Marekani walichunguza ubongo wa wagonjwa 5 waliokufa kwa saratani, ambao walipokuwa hai walipewa kemikali inayotia alama chembe zinazogawanyika. Chembe mpya za neva zilionekana katika hipokampasi. Mwaka 2013 Jonas Frisén na wenzake wa Stockholm walitumia njia nyingine. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni ya namna ya pekee, ikaingia katika vyakula na katika miili ya watu wote. Kwa kupima kaboni hiyo, mtu anaweza kujua chembe ilizaliwa lini. Hesabu yao ilikuwa kama chembe 700 mpya kila siku katika hipokampasi ya kila upande. Wataalamu wengine, mwaka 2018, walitafuta wasizione kwa watu wazima, ila walizikuta kwa watoto wachanga na kwa uchache kwa wenye umri mkubwa kidogo. Ubishi ukawa mkali. Mwaka 2025 kundi la Frisén lilirudi na ushahidi wa chembe mama zinazogawanyika hata kwa watu wazima, ingawa si kwa kila mtu kwa kiwango kimoja. Sitaamua ugomvi wa wakubwa. Neno moja wanalokubaliana pande zote ni kwamba mafundi hawa ni wengi zaidi utotoni. Na utotoni ndiko malaria ya ubongo inakopiga.

Jeshi na mafundi wanapokutana

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yangu. Ubongo una mafundi, na umeumia. Kwa nini basi mafundi hawajengi?

Mwaka 2003 makundi mawili, moja la Michelle Monje na Theo Palmer katika Chuo Kikuu cha Stanford, na jingine la Christine Ekdahl na Olle Lindvall huko Lund, Sweden, yalifika kwenye jawabu linalofanana bila kushirikiana. Waliwadunga panya kitu kinachowasha mwako wa kinga, kisha wakahesabu chembe mpya za neva. Zilipungua sana. Mafundi walikuwapo, lakini kazi ilisimama, na chembe changa zilizozaliwa zilikufa kabla ya kukomaa. Watu wa Stanford walipowapa panya indomethasini, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe iliyozoeleka mahospitalini, mafundi walianza tena kujenga. Yaani kilichowazuia ni kelele za vita.

Mtu anayesikia hivyo atasema upesi: basi tuwafukuze askari wote. Angojee kidogo. Mwaka 2006 Michal Schwartz na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walichunguza panya waliozaliwa bila askari wa kinga wa aina fulani. Wangetarajiwa kuwa na mafundi hodari kuliko wote, kwa kuwa hakuna wa kuwasumbua. Ikawa kinyume: chembe mpya za neva zilikuwa chache, na zilizidi waliporudishiwa askari hao. Kumbe askari mtulivu anayepita mlangoni, akizoa vifusi na kutoa kemikali za malezi, ni msaada kwa fundi. Askari yule yule akipagawa ni adui wa fundi. Tofauti iko katika kiasi na katika muda.

Kwa hiyo, ndugu zangu, neno langu la leo ni hili: ubongo hutengenezwa baada ya filimbi kunyamaza, na kila saa filimbi inapolia bila sababu ni saa iliyoibwa kwa mafundi. Panya si mtoto, nami sitawadanganya kwamba yote yaliyoonekana kwa panya wa Stanford yamepimwa katika kichwa cha mtoto wa Kampala. Lakini mwako uliopimwa Kampala na mwako uliosimamisha mafundi wa panya ni wa ukoo mmoja.

Dawa ya kunyamazisha filimbi

Waganga wa hospitali walikwisha jaribu kunyamazisha filimbi kwa nguvu. Huko Thailand, David Warrell na wenzake waliwapa baadhi ya wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo dawa iitwayo deksamethasoni, ambayo hupoza kinga na uvimbe. Matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Waliopewa dawa hiyo walikaa bila fahamu muda mrefu zaidi kuliko wasiopewa, na walipata matatizo mengi zaidi, kama kutokwa damu tumboni. Tangu hapo madaktari wameonywa wasiitumie kwa malaria ya ubongo. Kumnyang'anya askari upinde wakati mwizi yumo zizini si busara.

Njia inayofaa ni kumwondoa mwizi upesi, ili askari apate sababu ya kurudi nyumbani. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi 9 za Afrika, pamoja na vituo vya Korogwe na Muheza hapa kwetu, likihusu watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki 10.9 katika kila 100. Waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti walifariki 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaagiza artesuneti ishike nafasi ya kwinini. Artesuneti huua vijidudu vikiwa bado vichanga, kabla chembe walizomo hazijaota vinundu vya kunasa kwenye mishipa. Ndiyo maana saa zina thamani. Dawa hiyo hiyo, akiipata mtoto saa sita mchana au akiipata usiku wa manane, si dawa moja.

Nawaomba pia mjihadhari na wauzaji. Tangu habari za seli shina zienee, wametokea watu wanaotangaza sindano za kuponya kupooza, kifafa na upungufu wa akili, kwa mamilioni ya shilingi. Kwa ubongo ulioumizwa na malaria hakuna sindano ya namna hiyo iliyothibitishwa. Anayekuuzia leo anakuuzia jina.

Tufanye nini

Ndugu Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi ndani yake ni kelele tu. Ninayo mambo manne.

La kwanza ni kwa viranja na monita. Mwanafunzi akisema ana homa na kichwa kinauma, mwalimu wa zamu aambiwe saa ile ile. Daftari la watoro liwe na safu ya wagonjwa, na safu hiyo ijazwe kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu na dakika zisizozidi nusu saa. Na anayetoka nyanda za baridi asidharauliwe akilalamika, kwa kuwa mwili wake haujazoea kijidudu hiki kama wetu tulioumwa nacho tangu utoto.

La pili ni kwa wazazi. Degedege si ndege wala si shetani. Wapo wanaosema hadi leo kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kinachomuua ni safari ndefu ya kwa mganga kabla ya kufika zahanati. Na tusizae mbu kwa mikono yetu. Kuanzia Maganzo hadi Geita, mashimo yanayoachwa na wachimbaji hujaa maji ya mvua, na madimbwi yanayopigwa na jua ndiyo yanayopendwa na mbu wa malaria. Shimo lisilo na kazi lifukiwe. Tukitoka kwenye mashimo, tulale ndani ya chandarua.

La tatu ni kwa walimu wetu. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria akirudi darasani, msidhani amekwisha pona kwa sababu anatembea. Akae mbele. Apewe kazi fupi fupi na muda wa kutosha. Apimwe masikio na macho, kwa kuwa nayo huumia. Ubongo unaojijenga upya unahitaji kazi na utulivu pamoja. Mwaka 2009 Paul Bangirana wa Makerere na wenzake walitangaza matokeo ya mafunzo ya akili waliyowapa watoto waliopona malaria ya ubongo: masomo 16 kwa njia ya michezo ya kompyuta, katika muda wa wiki 8. Watoto hao waliendelea mbele katika baadhi ya vipimo kuliko wenzao wasiofundishwa. Na katika panya, wanaopewa gurudumu la kukimbilia huzaa chembe mpya nyingi zaidi katika hipokampasi. Jambo hilo limejulikana tangu mwaka 1999. Kwa hiyo mtoto huyo asinyimwe mpira wala darasa.

La nne ni kwetu sisi wa zamani. Napendekeza Chama chetu kihakikishe kila kitanda bwenini kina chandarua kizima, na kwamba shule haikosi vipimo vya haraka. Fedha yangu ya mwanzo nimekwisha mkabidhi Mtunza Hazina asubuhi hii, naye atawaambia kiasi akipenda.

Namalizia. Miaka michache iliyopita nilishuka katika stendi ya Shinyanga, kiatu kimoja kikiwa kimefunguka nyuzi, nikamwuliza fundi wa baiskeli aliyekuwa chini ya mti kama ana sindano. Aliinua uso akaniita kwa jina langu na la baba yangu. Ilinichukua muda kumtambua. Ana mke na watoto, na mkubwa wake alikuwa kidato cha tatu. Alinishonea kiatu akakataa kulipwa. Tuliongea juu ya walimu na juu ya ugali wa bwenini. Hesabu za kichwani, alisema, zilimrudia kidogo kidogo, miaka mingi baadaye, kwa kuhesabu spoku na fedha za wateja; lakini akisoma gazeti bado hulazimika kurudia mistari. Kisha akaniuliza, bila hasira, “Monita, siku ile kwa nini uliniandika?”

Nilimwomba radhi. Akasema yamekwisha. Mimi naona yamekwisha kwake, kwangu bado, na ndiyo sababu nimesimama hapa. Ninyi vijana mnaoshika madaftari leo, kabla hamjaandika jina la mtu, mwekeeni mkono kwenye paji la uso.